Kisu cha gurudumu, mkeka na rula: uzoefu wangu wa kukata kwilti nyumbani

Mtu akisema anataka kuanza kwilti, zile blanketi za vipande vya vitambaa, swali la kwanza watu wanamuuliza ni una cherehani gani. Mimi ningemuuliza utakata na nini. Nashona nyumbani hapa Arua kwa kupenda tu, siuzi, na cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu ambayo kila mtaa unayo, sijaibadilisha wala sifikirii kuibadilisha. Kilichobadilisha kazi yangu ni seti ya vitu vitatu, kisu cha gurudumu, mkeka wa kukatia na rula ndefu ya plastiki nene ya kuona hadi chini. Nimeitumia vya kutosha sasa na naona nieleze kwa urefu, manake huku kwetu ukiulizia dukani wanakuletea mkasi.

Kwa ambaye hajakiona, kisu chenyewe kina wembe wa duara unaozunguka, umbo ni kama kile cha kukatia piza ila huu ni mkali kweli kweli. Kampuni ya Olfa ya Japani ndiyo ilikitoa mwaka 1979 na washonaji wa kwilti wakakikumbatia moja kwa moja. Wembe wa kwangu ni milimita 45, saizi ya kati, kuna mdogo wa 28 kwa sehemu za kukunjakunja na kuna 60 kwa mtu wa kukata tabaka nyingi kwa mara moja. Mkeka wangu ni inchi 24 kwa 36, una mistari ya inchi juu yake na ni ile aina ambayo ukipitisha wembe alama inajifunga yenyewe. Rula ni inchi 6 kwa 24. Seti yangu ni ya Kichina haina jina kubwa, dada yangu alininunulia Kampala akaniwekea kwenye basi la usiku. Kisu na rula vilikuwa bei ya kawaida tu, mkeka ndio ulinifanya nifikirie mara mbili, peke yake ulizidi bei ya kitenge kizima cha yadi sita.

Sasa kwa nini nasema seti inafaa hiyo pesa. Mkasi ukiingia chini ya kitambaa lazima ukiinue, na kikiinuka kinasogea kidogo, kwa gauni hiyo si neno manake gauni lina nafasi ya kurekebisha, mbavuni unapunguza, pindo unashusha, mwisho wa yote mtu anavaa na anapendeza. Kwilti haina huo msamaha. Mshono wake unakula robo inchi tu ya kila kipande, na vipande ni vingi, hesabu mwenyewe, safu yenye mishono ishirini kila mmoja ukikosea moja ya kumi na sita ya inchi, kitu ambacho jicho halikioni, mwishoni safu nzima imepotea inchi moja na robo. Ndipo unaona pembe hazikutani, blanketi linavimba katikati, na watu wanalaumu cherehani. Cherehani haina kosa hapo. Kisu cha gurudumu kinakata kitambaa kikiwa kimelala chini kimetulia, rula imekibana, hakuna kinachosogea.

Na kuna jambo ambalo sikulitegemea kabisa, kwamba kitanibadilishia hata mpangilio wa kazi. Chukua pambo la vipande tisa, lile la kwanza kila mtu anajifunza, tatu kwa tatu. Kwa mkasi unachora miraba kwa chaki, unakata mmoja mmoja, unaunganisha mmoja mmoja. Kwa kisu hiki unakata utepe mrefu wa inchi mbili na nusu kuvuka upana wote wa kitenge, unashona tepe tatu kwa urefu, sema nyekundu, njano, nyekundu, na nyingine tatu njano, nyekundu, njano, unapiga pasi, halafu unaweka rula unazikata tena kwa kuvuka kila inchi mbili na nusu. Kila unachokata tayari ni safu ya vipande vitatu vilivyoshonwa! Unachukua safu tatu unaziunganisha na pambo limeisha, lina inchi sita na nusu likiwa bado peke yake, na likishaingia kwenye blanketi linabaki inchi sita kamili. Kitenge cha upana wa inchi 45 ukitoa zile kingo ngumu za pembeni kinakupa miraba kumi na saba kwa utepe mmoja. Nilipoiona hiyo mara ya kwanza kwenye video niliirudia na kuirudia mpaka bando ikaisha, na sijutii.

Shangazi yangu ni fundi wa nguo miaka mingi, gomesi zile gauni za kitamaduni za Uganda, sare za shule, kila kitu, na ana mkasi wake mkubwa wa chuma ambao hakuna mtoto anaruhusiwa kukata karatasi nao. Alipoona nimetandika mkeka juu ya meza akaniuliza, "Mwanangu, na hiki nacho ni cha nini, mkasi umekosa nini?" Nikamwambia shangazi kaa kidogo uone. Nikakunja kitenge mara mbili, tabaka nne, nikapitisha wembe mara moja. Akachukua ule utepe akaunyoosha mbele ya dirisha akautazama kutoka mwisho hadi mwisho kama mtu anakagua ubao. Hakusema kitu. Wiki hizo za kufungua shule akaja na kitambaa cha sare anataka nimkatie mikanda ya kiunoni, zile sehemu za moja kwa moja. Ila na yeye alinifundisha kitu cha kweli, kwamba kwa kwapa, kwa shingo, kwa mkono, mkasi wa fundi anayejua kazi hauna mpinzani, na namkubalia kabisa. Huu wembe wa 45 kwenye kona kali unakataa, unaruka au unakula ndani. Kama kazi yako ni nguo tu, usinunue seti kubwa, weka pesa yako kwenye mkasi mzuri.

Kuhusu vitambaa vyetu, hapa lazima nikae kidogo. Vitenge Arua si shida, mji uko karibu na mpaka wa Congo na sokoni kuna rangi mpaka macho yanachoka, lakini si vyote ni pamba. Mimi naomba muuzaji nyuzi chache za pembeni naziwasha kiberiti: pamba inaungua inanuka kama karatasi na kubaki majivu, ya plastiki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Kwilti ya kitambaa cha plastiki inateleza chini ya rula na pasi ikipita inakunjamana, achana nayo. Halafu kitenge kipya kina wanga mwingi, kinasimama chenyewe, wengine wanakata hivohivo manake ni rahisi kukishika. Mimi nafua kwanza. Pamba inaweza kurudi ikiingia maji, na rangi nyekundu na bluu nzito zinaweza kutoka, sasa ukishashona nyekundu karibu na nyeupe ndipo ufue, umeharibu kazi ya miezi. Nafua, natazama kama maji yamekuwa meupe, naanika kivulini, nanyoosha na pasi ya mkaa kikiwa bado na unyevu kidogo, ndipo kinaingia kwenye mkeka. Ukitaka ule ugumu urudi, maji ya wanga wa muhogo mepesi kabisa yanatosha.

Shati za mitumba nazo ni mali. Shati la mwanaume la pamba lenye mistari, ukitoa kola, vifungo na mishono, mgongo wake tu ni kipande kikubwa safi, na pamba yake imeshafuliwa mara nyingi haitarudi tena. Na hapo rula inafanya kazi yake nzuri kuliko zote, unaweka mstari wa rula juu ya mstari wa shati na unajua unafuata uzi. Kipande kilichofuata uzi kinatulia. Kilichokatwa mshazari kinavutika, ndiyo maana pembetatu zinasumbua watu. Mimi pembetatu nazikata kubwa kidogo makusudi: nachukua miraba miwili ya inchi tatu, nashona pande mbili za mstari wa kona kwa kona, nakata katikati, napata miraba miwili yenye rangi mbili, halafu naweka rula napunguza mpaka inchi mbili na nusu kamili. Inakula kitambaa zaidi, ndiyo, lakini zote zinakuwa sawa.

Nimejaribu pia na olubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ya Buganda, ambayo ufundi wa kuitengeneza UNESCO iliutangaza kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Mjomba alikuja nayo kutoka Masaka na nikatamani kuweka tepe zake kwenye pambo la ukutani katikati ya vitenge. Jamani, inapendeza ile rangi ya udongo wake karibu na njano! Haikufumwa kwa nyuzi, ni gome lililopondwa, kwa hiyo haina mshazari wala haifumuki pembeni, unakata upande wowote. Ila iandalie wembe ambao hutaumia ukiharibika, manake kwangu wembe ulichoka haraka kuliko kwenye pamba. Nimeiweka ukutani tu, blanketi la kufua kila mara singeitumia.

Sasa ubaya wa seti. Nyembe zilizokuja nayo ndani ya boksi zilikuwa butu, moja ilikuwa inaruka nyuzi tangu siku ya kwanza, na ukiwa na wembe unaoruka unaanza kukandamiza kwa nguvu, na ukikandamiza rula inateleza na vidole viko karibu. Wembe mzuri hautaki nguvu, uzito wa mkono tu. Nikanunua pakiti nyingine ya milimita 45, ya kampuni tofauti, ikakaa vizuri na kazi ikawa kama ya kisu kingine. Kuna wanaosema pitisha wembe mara kadhaa kwenye karatasi ya foili iliyokunjwa utanolewa, nimefanya, inasaidia kidogo kwa siku chache, haiurudishii makali yake yote. Rula nayo ilikuwa inateleza kwenye kitenge, nikabandika vipande vidogo vya msasa laini chini yake kwenye pembe, ikatulia. Kabla ya kuiamini niliipima na futi ya fundi na mistari ya mkeka, yangu iko sawa, lakini pima yako manake kama rula na mkeka havikubaliani utateseka, chagua kimoja ufuate hichohicho mwanzo hadi mwisho.

Mkeka unachukia joto kuliko kitu chochote. Nyumba ya mabati saa nane mchana, jua la Arua, ukiuegemeza ukutani karibu na dirisha unapinda na kuunyoosha tena ni kazi. Wangu unalala chini ya godoro, bapa. Na pasi ya mkaa isikaribie, wala kikombe cha chai ya moto. Ukiagiza kutoka Kampala mwambie anayekutumia asiukunje na asiuviringishe, aufunge katikati ya maboksi mawili yaliyofunguliwa, na amwambie kondakta usiwekwe chini ya magunia.

Watoto. Kisu hiki kinafanana na kichezeo, rangi nzuri, gurudumu, sasa mtoto wa miaka minne ataacha kukigusa? Kila ukimaliza kukata, hata kama unarudi baada ya dakika moja, funga kile kifuniko cha wembe. Kata ukisukuma mbele, usivute kuelekea tumboni. Nyembe zilizokwisha nazifunga na selotepu naziweka kwenye kopo la bati lenye tundu dogo, haziendi kwenye takataka ambako kuna mtu atachakura kwa mikono.

Nachopenda zaidi, na hili labda ni kwa sisi wa huku, ni kwamba hakihitaji umeme. Umeme ukikatika jioni nina taa ya sola, pasi ya mkaa, cherehani ya miguu, na kisu. Kazi inaendelea. Nakata usiku mmoja tepe za blanketi zima, nazifunga kwa rangi, halafu wiki nzima nashona kidogo kidogo nikipata nafasi, maharage yakiwa jikoni. Katikati ya blanketi naweka blanketi jepesi la mitumba manake ule usufi maalum wa kwilti sijauona madukani hapa, nyuma naweka amerikani iliyofuliwa, nashika tabaka zote tatu kwa pini na kufunga mafundo ya uzi mzito kila baada ya upana wa kiganja. Linakuwa zito vizuri kwa baridi ya mvua.

Kama pesa ni kidogo, mkeka mdogo wa saizi ya karatasi ya A3 unatosha kwa miraba na kupunguza pembetatu, kwa tepe ndefu utakunja kitambaa mara nyingi zaidi lakini utafika. Rula usipunguze, chukua ndefu. Na ukinunua kisu nunua siku hiyohiyo na pakiti ya nyembe za ziada, uliza saizi kabla hujalipa, ya milimita 45 ndiyo rahisi kupata.