Shakespeare kwa Kiswahili: vitabu vinne, na mpangilio wa kuvisoma

Ukipita kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta, Dar es Salaam, ulizia hivi vinne kwa majina: Mabepari wa Venisi, Juliasi Kaizari, Makbeth na Tufani. Viwili vya kwanza alivitafsiri Mwalimu Nyerere, vikachapwa na Oxford. Viwili vya mwisho ni kazi ya S. S. Mushi, vilivyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968 na 1969. Kila kimoja kinajitosheleza, lakini thamani yake inaongezeka sana ukivipata vyote, maana vinakupitisha kwenye miaka kama 15 ya kazi ya Shakespeare mwenyewe.

Wengi hukosea mpangilio. Huanza na Tufani kwa kuwa ndiyo inayofungua mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa 1623, ule ulioandaliwa na waigizaji wenzake, Heminges na Condell, miaka 7 baada ya kifo chake. Mkusanyo huo una tamthilia 36: ramsa (zinazoisha kwa furaha) 14, za kihistoria 10, tanzia (zinazoisha kwa msiba) 12. Umepangwa kwa aina, si kwa tarehe. Tufani ni ya mwaka 1611 hivi, karibu na mwisho kabisa. Anza na Mabepari (1596 au 1597), kisha Kaizari (1599), Makbeth (1606 hivi), umalizie na Tufani.

Mabepari ndicho kitabu kinachohitaji subira. Kimepewa jina la ramsa, na kweli kinaisha kwa ndoa tatu. Lakini katika tendo la nne Shylock, mkopeshaji Myahudi, anatoka mahakamani akiwa amepoteza mali na kulazimishwa kubadili dini, kwa sababu ya ratili moja ya nyama aliyodai kuikata mwilini mwa mdaiwa wake, Antonio. Msomaji aliyezoea kuwa ramsa ni kichekesho atababaika. Zama zile aina ilitambuliwa zaidi kwa mwisho wake kuliko kwa kicheko. Na jina lenyewe: kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akaandika mabepari, wengi. Huo ni uamuzi wa kijasiri na unaipa tamthilia makali, ila unamtoa Antonio katikati. Kikundi kinachotaka kuigiza kilijue hilo kabla ya kugawa nafasi.

Juliasi Kaizari ni bora kuliko vyote vinne. Iliandikwa mwaka ambao jumba la Globe lilifunguliwa London, na Kaizari anauawa mwanzoni mwa tendo la tatu, kwa hiyo tanzia hasa ni ya Brutus, mmoja wa wauaji wake. Usipite haraka hotuba mbili za msibani. Kwa Kiingereza Brutus anasema kwa nathari, yaani lugha isiyo ya kishairi, hoja baada ya hoja. Mark Antony, rafiki wa Kaizari, anakuja na mashairi, na umati unageuka. Fungua na nakala ya Kiingereza, ulinganishe hapo.

Kuhusu mashairi, aliyelelewa na mizani 16 yenye vina vya kati na vya mwisho ataona haya hayana vina, akadhani yameharibika. Sivyo. Mstari wa Shakespeare kwa kawaida una silabi 10 bila vina, na Mwalimu amefuata njia hiyo ya kutotumia vina. Ukisoma kwa sauti, usitue mwisho wa mstari. Tua penye alama. Ukitua kila mstari, mkazo wa Kiswahili unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho utakuimbisha, na maana itapotea.

Makbeth ni fupi na inakwenda mbio. Angalia bawabu anayechekesha langoni muda mfupi tu baada ya mfalme kuuawa: ramsa ndani ya tanzia, nayo inazidisha hofu. Tufani ni ya wakati ambapo kampuni yake ilikuwa na ukumbi wa ndani, Blackfriars, uliomulikwa kwa mishumaa. Ndiyo maana muziki na miujiza ni mingi. Kwa Kiswahili tanzia-ramsa ndilo jina linaloikaribia.

Seti hii ina upungufu mkubwa: hakuna hata moja ya wafalme wa Uingereza, na hakuna kitu cha kabla ya 1596. Mwalimu wa kidato cha tano anayefundisha hatua zote za Shakespeare itabidi aongeze Richard III kwa Kiingereza, la sivyo wanafunzi wataamini mwandishi alianza akiwa amekwisha kukomaa.

Unaponunua, tazama jalada. Likiandikwa Julius Caezar, hilo ni toleo la 1963. Chukua Juliasi Kaizari la 1969, ambalo Mwalimu alilirekebisha. Kisha fungua katikati taratibu. Gundi ya zamani na unyevu wa Dar havipatani, na kurasa za mwisho ndizo hutangulia kuchomoka. Hakikisha tendo la tano limo kabla hujatoa pesa.