Sindano ya sisti ya mfupa kwa watoto Dar: begani sawa, kwenye paja ni habari nyingine

Alama zetu: nyota tatu na nusu kati ya tano kwa sisti ya juu ya mkono, karibu na bega. Kwa sisti ya shingo ya paja, nyota moja na nusu. Dawa ni ileile ya steroidi na sindano ni ileile, ila mifupa haibebi mzigo mmoja.

Sisti ya kawaida ni uwazi uliojaa maji ndani ya mfupa, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Si saratani. Hukaa kimya mpaka mtoto aanguke kidogo tu, mkono uvunjike, na eksirei ionyeshe ganda jembamba. Wakati mwingine huonekana kipande cha mfupa kimezama chini ya maji. Kikiwepo, daktari hana haja ya kubahatisha. Asiyepiga picha humpeleka mtoto akachuliwe, na kuchua mfupa wenye ganda kama la yai ni kuuvunja mara ya pili.

Aliyevunjika asichomwe siku hiyohiyo. Mkono hutundikwa kwa wiki 4 hadi 6 kwanza. Kwanza, wachache hupona kwa kuvunjika kwenyewe. Pili, damu ya mvunjiko huchanganyika na maji ya sisti, na hapo daktari hawezi kuitofautisha na ile sisti ya damu, ambayo tiba yake ni nyingine kabisa.

Kazi yenyewe hufanyika mtoto akiwa kwenye nusu kaputi. Chakula kinakoma muda wa saa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama muda wa saa 4, maji matupu muda wa saa 2. Hapa ndipo safari nyingi huharibika: mtoto analia njaa getini, bibi anampa andazi, na zamu inaahirishwa. Wauguzi hawakomoi mtu. Tumbo lenye chakula chini ya usingizi linaweza kumwaga kwenye mapafu.

Ndani ya chumba, tazamia sindano mbili nene za mfupa, moja kila mwisho wa sisti, zikiongozwa na mashine ya mionzi yenye mkono wa umbo la C. Sindano moja peke yake mara nyingi huvuta kwa shida au haivuti kitu, kwa sababu hakuna hewa inayoingia kuchukua nafasi ya maji. Kinachotoka kiwe maji meupe yenye unjano, kama chai ya rangi iliyozimuliwa. Damu nyekundu ikipanda yenyewe kwenye bomba, daktari makini husimama hapo, huchukua kipimo cha nyama na kuomba picha ya MRI. Yakiwa maji, hupitisha dawa ya rangi kuona kama uwazi ni mmoja au una kuta ndani, na kama rangi inakimbilia kwenye mishipa. Ikikimbia, steroidi nayo itakimbia, na matokeo hupungua. Kisha huingizwa methilipredinisoloni, ndiyo steroidi yenyewe, mara nyingi miligramu 80 hadi 120, pungufu kwa mtoto mdogo.

Kosa baya zaidi ni ncha kupita kwenye gegedu linalorefusha mfupa. Sisti changa huligusa kabisa, na likijeruhiwa mkono unaweza kubaki mfupi au kupinda. Ndiyo maana pendekezo la kuchoma "kwa kukadiria", bila mashine ya mionzi, tunalipatia alama sifuri.

Sasa lawama. Huduma hii huuzwa kama mchomo mmoja, na si mmoja. Mchomo wa kwanza mara nyingi hautoshi. Hurudiwa baada ya miezi 2 au 3, na mara tatu si ajabu. Utafiti uliochapishwa 2008 ulilinganisha kuchoma steroidi na kuchoma uboho, yaani ute wa ndani ya mfupa: steroidi iliponya 42%, uboho 23%. Kwa hiyo hata ile bora haifiki nusu. Mtoto mdogo mwenye sisti inayogusa gegedu ndiye hurudiwa zaidi. Mwenye bima aulize mapema kama kibali kinahusu mizunguko yote au mmoja tu, na anayelipa taslimu apige hesabu ya mitatu.

Ikishindikana, mbadala ni tundu dogo, kukwangua ukuta wa sisti, kutoboa njia kuelekea kwenye uboho, na kujaza chembe za kalsiamu au kupitisha nondo nyembamba za titani. Nondo hushikilia mfupa na kuacha maji yatoke, ingawa zitahitaji kutolewa baadaye. Kwenye shingo ya paja tungeanzia huku, kwa mabingwa wa mifupa ya watoto, kama pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Upanga. Mvunjiko wa pale unaweza kukata damu ya kichwa cha paja, na sindano haizuii mvunjiko.

Kurudi nyumbani jioni ileile ni kawaida, ila si kwa daladala ya kusimama hadi Gongo la Mboto. Mpira na kupanda miembe vingoje picha, na kwenye picha angalia unene wa ganda kuliko ukubwa wa uwazi. Kliniki iendelee miaka 2. Ngozi ikipauka palipochomwa, ni steroidi iliyovuja. Mara nyingi rangi hurudi baada ya miezi.