Uzoefu wangu: vitunguu 20 vya maua ya blubeli, Tanga

Mwezi wa tisa mwaka jana niliagiza vitunguu 20 vya maua ya blubeli (bluebell, ua la Ulaya lenye kengele ndogo za buluu) kwa muuzaji wa mtandaoni. Shilingi 60,000 pamoja na nauli ya basi kutoka Dar. Kwenye tangazo kulikuwa na ile picha ya msitu wa Uingereza, chini buluu tupu, na maneno "blubeli halisi ya Kiingereza, inafaa popote". Mimi nakaa Raskazone, uani kuna mwarobaini na mkungu. Nikajiambia: kivuli ninacho, maji ninayo, kimebaki nini?

Kilibaki baridi.

Mzigo ulifika salama, hapo nampa haki yake. Vitunguu vyeupe, vidogo, havina hata ganda la kahawia. Niliviacha mezani jikoni nikaenda sokoni. Narudi, nakuta shangazi ameshakata kimoja, anakitia kwenye kachumbari! Kilichomshtua ni utomvu, unanata vidoleni kama gundi. Tukamwaga bakuli zima. Mmea huu ni sumu wote, jani mpaka kitunguu, na kwenye pakiti hapakuwa na neno hata moja la onyo. Hilo bado linaniudhi kuliko pesa.

Vuli ilipoanza nilipanda kumi chini ya mwarobaini, kina cha sentimita 10, ncha juu. Mvua ikapiga wiki nzima. Baada ya mwezi nikafukua kimoja: kimekuwa uji, kinanuka. Vingine vivyo hivyo. Huko kwao blubeli hulala kiangazi, hutoa majani baridi ikielekea kuisha, na huchanua Aprili na Mei kabla miti haijafunga majani juu yake. Sisi hata kipupwe tunalala na feni. Kosa langu nalikubali, lakini "inafaa popote" sikuandika mimi.

Tisa vilivyobaki nilivipeleka Lushoto, milimani kwenye baridi, mwezi wa kwanza, nikampa wifi. Akavitia nyuma ya jiko, kwenye mboji, pahali pasipotuama maji. Mwezi wa tisa mwaka huu akanipigia simu ya video: vitano vimechanua. Nikafurahi, kisha nikamwambia asogeze kamera.

Vikonyo vimesimama wima. Kengele zimeota pande zote, majani mapana, chavua ina ubuluu. "Wifi, hebu nusa." Akanusa. "Hamna kitu."

Hiyo ni blubeli ya Kihispania, Hyacinthoides hispanica. Ya Kiingereza, Hyacinthoides non-scripta, kikonyo chake huinamia upande mmoja, kengele ni nyembamba zenye midomo iliyojikunja nje, chavua nyeupe kama tui, na inanukia. Kuna na chotara wa hizo mbili, ambaye yuko katikatikati. Ya Kihispania si ua baya, na ni ngumu kufa, ila sikuiagiza. Tena tangu 1998 sheria ya Uingereza inakataza kuuza vitunguu vya blubeli yao vilivyochimbwa porini, na mbegu huchukua kama miaka 5 mpaka ichanue. Muuzaji anayekwambia ni "halisi" muulize vizuri.

Nilimwandikia. Jibu: "Pole dada, ua ni lile lile." Nikamtumia picha zote mbili, akanyamaza hadi leo.

Kilichonichekesha ni kwamba ua la buluu-zambarau la kivulini Tanga tunalo. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta kwenye mawe ya chokaa huku kwetu, likapelekwa Ujerumani, na 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha, ndilo lile African violet. Leo liko madirishani dunia nzima. Kopo langu liko barazani, halitaki friji wala safari ya Lushoto. Wewe lioteshe tu, usiende kuling'oa msituni.

Nampa muuzaji nyota mbili. Ukitaka kujaribu naye na unakaa milimani, dai jina la kisayansi liandikwe kwenye risiti kabla hujalipa. Na vikifika, vifungie kabatini, mbali na vitunguu vya kupikia.