Kozi za mtandaoni za leseni ya udalali wa nyumba: zinamfaa mtu wa ufundi?

Mhandisi au mwandika programu anayetaka kuhamia kwenye udalali wa nyumba na viwanja huanza kwa kununua bidhaa hii: video, kitabu cha kupakua, na benki ya maswali ya mtihani wa leseni. Kumvusha mtihani, inaweza. Kumfikisha kwenye kamisheni ya kwanza ni habari nyingine.

Kabla ya kulipa, hakikisha mtoa kozi anatambuliwa na mamlaka ya pale unapotaka kufanyia kazi. Masharti hayafanani: huko Marekani, jimbo la California hudai saa 135 za masomo, Texas 180, na saa ulizosomea kwa mtu asiyetambuliwa ni kazi bure. Kozi nyingi zimefungwa kwa muda, kwa hiyo aliyezoea kukimbiza video kwa kasi maradufu atakuta somo linalofuata halifunguki mpaka dakika zitimie. Inaudhi, ila mara nyingi sharti hilo linatoka kwa mamlaka.

Sura ya hesabu ndiyo inayomponza mtu wa ufundi. Anaiona nyepesi, anairuka, kisha alama zinamponyoka humo humo, kwa sababu kinachopimwa pale ni taratibu za biashara. Tuseme kodi ya mali ni 7,300 kwa mwaka na inagawanywa kati ya muuzaji na mnunuzi. Kwa mwaka wa siku 365, kila siku ni 20. Kwa mwaka wa kibiashara wa siku 360, yaani miezi 12 ya siku 30, ni 20.28. Na siku yenyewe ya makabidhiano inahesabiwa kwa nani? Jibu limo ndani ya swali, na kozi nzuri hukuzoeza kulitafuta kabla ya kushika kikokotoo.

Kosa jingine, kwenye kukokotoa faida ya nyumba ya kupangisha, ni kuingiza marejesho ya mkopo kwenye gharama za uendeshaji. Hayamo. Nyumba yenye pango la 24,000 kwa mwaka, ukitoa asilimia 5 kwa ajili ya miezi isiyo na mpangaji, inabaki na 22,800. Ondoa gharama za uendeshaji 7,800, unapata 15,000. Kama bei ni 250,000, faida hiyo ni asilimia 6 ya bei kwa mwaka. Anayegawanya pango lote kwa bei anapata 9.6, na mwekezaji atakuja kumuuliza.

Upande wa sheria, kozi hizi huorodhesha wajibu wa wakala kwa mteja wake: utii, uaminifu, kutoa taarifa, usiri, kutoa hesabu na uangalifu. Orodha inakaririka kwa jioni moja. Kinachokosekana ni mtego unaomhusu mhandisi peke yake. Mnunuzi anaonyesha ufa ukutani na kuuliza, "Wewe si mhandisi? Huu una shida?" Ulimi unawasha. Ukijibu kwamba ni ufa wa plasta tu, umeshatoa maoni ya kitaalamu ndani ya kazi ya udalali, na bima ya dhima ya dalali, inayolipa madai ya makosa yake ya kikazi, inaweza kukataa kuyabeba. Kinachotakiwa ni kusema ulichokiona, kupendekeza mkaguzi huru, na kuyaandika yote mawili. Tena ukiwa upande wa muuzaji, kasoro kubwa unayoijua, katika mifumo mingi ya sheria, huruhusiwi kumficha mnunuzi. Na mwenye jicho la ufundi atapata shida kudai kwamba hakuiona. Somo hili pekee lilistahili saa nzima. Kwenye kozi za kawaida linapewa aya moja, au halimo kabisa.

Kuhusu kipato, video za matangazo hutaja kamisheni nzima na kunyamaza. Fanya hesabu mwenyewe: nyumba ya 200,000 kwa asilimia 5 inaleta 10,000. Upande wa pili ukiwa na dalali wake mkagawana sawa, upande wako una 5,000. Kampuni unayofanyia kazi ikichukua asilimia 40, unabaki na 3,000 kabla ya kodi, mafuta na matangazo. Palipo na mkopo wa benki, kati ya kusaini mkataba na kukabidhi hupita wiki kadhaa. Aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi asiache kazi bila akiba ya miezi sita. Tisa ni salama zaidi.

Namna ya kuitumia kozi: fanya mtihani wa majaribio kabla ya somo la kwanza, kisha tumia muda wako pale ulipoanguka. Kwa watu wa ufundi mara nyingi ni istilahi za umiliki, haki ya njia na rehani. Ukikutana na swali la "jibu linalofaa zaidi", usitafute hali ya nadra inayoliangusha. Tabia hiyo inafaa kwenye kukagua programu, hapa inakula alama. Benki ya maswali 500 yenye maelezo ya kila jibu ina faida kuliko ya 2,000 inayosema tu umekosa.

Nyota 3 kati ya 5, kwa kifurushi cha msingi. Kile cha juu, chenye "malezi ya kikazi", kinunue tu kama kuna mkufunzi anayekusikiliza ukipiga simu za mazoezi kwa wateja na kukukosoa palepale. Kama ni video zaidi, pesa hiyo iweke kwenye ile akiba.