Pampu tatu za mafuta, duka moja Gerezani, na ile "chezeni tu"

Wakuu, ukiuliza pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa ya gari yenye turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), utaelekezwa Gerezani, Dar es Salaam, na ukifika Gerezani utaelekezwa duka hili hili, kwa sababu ndilo lenye mzigo muda wote. Silitaji. Pampu tatu zimetoka hapo ndani ya miezi michache, na ya tatu imezimika Ubungo jioni, foleni imeganda, mwendokasi zinapita pembeni.

Ilipopelekwa dukani muuzaji hakuigusa. Risiti hakuiangalia. Alikuwa anakula mihogo. "Kaka, gari mmeichezea wenyewe. Pampu yangu haina kosa. Chezeni tu." Akamgeukia mteja mwingine. Shilingi laki mbili na ushee mara tatu, jibu ni "chezeni tu".

Sasa twende kwenye pampu zenyewe. Ya kwanza ilikuwa feki, hapo sibishani na mtu. Lebo yake ilibanduka kwa ukucha. Lakini lebo haitoshi kuhukumu, pima mtiririko. Zima injini, iache ipoe, chaja iwe kwenye betri, kizima moto kiwe mkononi. Chomoa mpira unaorudisha mafuta kwenye tenki, uelekeze kwenye dumu, washa pampu kwa sekunde 30. Pampu ya 255 nzima, presha ikiwa psi 43 au karibu na hapo, itoe kama lita mbili. Hii ilitoa lita moja na kidogo. Kwenye gari ambayo haijaguswa ungeenda nayo mpaka Morogoro na usijue, na nadhani ndiyo maana jamaa hapati malalamiko. Kwenye turbo mambo ni mengine: turbo ikisukuma hewa ya psi 14, regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) inapandisha presha ya mafuta kwa kiasi hicho hicho, inakuwa 57, na pampu dhaifu inaishia njiani. Mafuta yakipungua hapo, pistoni inaweza kutoboka.

Ya pili, nikiwa mkweli, haikufa. Ndani ya tenki fundi alifunga mpira wa kawaida wa mafuta, ule uliotengenezwa kubeba petroli ndani, si kuzama ndani yake. Umevimba, umelainika kama kitumbua, ukachanika pale kwenye klipu. Pampu inalia vizuri, presha hakuna, wote tukasema pampu. Mpira wa kuzamisha una maandishi SAE J30R10. Ukinunua usioandikwa hivyo, usilaumu duka la pampu. Lakini mtu anayeuza pampu ya kuzama kila siku, anashindwaje kuuza na kipande cha sentimita 15 cha mpira wake? Hata soksi ya chini, chujio la pampu, hauzi. Anakwambia rudishia ile ya zamani, ambayo ina kutu ya tenki la miaka ishirini. Soksi ikiziba pampu inavuta kwa shida, mafuta yanatoa mapovu, inalia kama nyuki, inachemka.

Ya tatu ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Dalili: asubuhi inawaka mara moja. Baada ya dakika 40 za foleni inakosa nguvu injini ikipita mizunguko 4,000 kwa dakika, inamisi, inazima. Ukiipumzisha dakika 20 inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Multimita ikawekwa injini ikiwaka: kwenye betri volti 13.9, kwenye pampu 11.2. Kupotea kwa nusu volti unavumilia, hapa zimepotea mbili na zaidi. (Baadhi ya Toyota za turbo zina kompyuta ndogo ya pampu inayoshusha umeme makusudi injini isipokanyagwa, kwa hiyo pima huku mtu anakanyaga.)

Mfuniko wa tenki ukafunguliwa. Plagi nyeupe imekuwa rangi ya chai ya rangi, pini moja inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Waya wa kiwandani ulipangiwa pampu ndogo. Hii ikibanwa na presha inavuta umeme mwingi zaidi. Waya mwembamba, pini zimechoka, ethi (waya wa hasi unaoshikwa kwenye bodi) imeota kutu kwa hewa yetu hii ya bahari. Joto linaanzia hapo.

Dawa: waya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, relei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ampea 40 kwenye buti. Pini zake: 30 ni betri, 87 pampu, 86 ule waya wa zamani wa pampu, 85 ethi. Ethi ya pampu nayo iwe milimita 4, ukwangue rangi mpaka chuma king'ae. Badilisha na plagi ya mfuniko, la sivyo umepoteza muda. Pampu ile ile "mbovu" ikarudishwa: volti 13.6, presha haitikisiki. Mafuta yasishuke chini ya robo tenki, maana petroli ndiyo inayoipoza.

Kwa hiyo jamaa alikuwa sahihi? Nusu. Gari kweli ilichezewa, na ikachezewa vibaya. Pampu yake ya tatu ni nzima mpaka leo. Nilikuwa nimelipa duka nyota moja, nikapandisha hadi tatu. Lakini kijana wake anayepanga mzigo nyuma ndiye aliyeninong'oneza wakati natoka: "Bro, pima volti kwanza." Maneno matatu, bosi wake angeyasema huku anatafuna. Na ile feki hajairudishia hata senti.

Basi nyota mbili. Zote za yule kijana.