Four Weddings and a Funeral: Marafiki Wamewashinda Wapenzi

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo ninaichambua Four Weddings and a Funeral, filamu ya Uingereza ya mwaka 1994 iliyoandikwa na Richard Curtis na kuongozwa na Mike Newell. Sitawachosha kwa kueleza Hugh Grant, aliyeigiza Charles, ni nani, wala jinsi kazi iliyogharimu chini ya pauni milioni 3 ilivyoingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani, kwa sababu hayo mmekwisha kuyasikia. Hoja yangu ni kwamba filamu hii, inayojinadi kwa mapenzi ya Charles na Carrie, Mmarekani anayekutana naye harusini, hunifurahisha zaidi kila inapowasahau wawili hao na kuwatazama watu wengine waliomo kanisani.

Kabla sijaendelea, natoa onyo kwa wanaotazama sebuleni pamoja na wakwe au watoto. Dakika za mwanzo, Charles na Scarlett, anayeishi naye nyumba moja, wanapogundua kwamba wamechelewa harusini, ni tusi moja linalorudiwa bila kupumzika, kwa hiyo shikeni kirimoti mapema.

Nguvu ya filamu hii imo katika muundo wake. Marafiki hawa tunakutana nao katika sherehe na katika msiba, na ni nadra sana kuwaona kwingine; hata kazi ya Charles haitajwi. Mwandishi amejinyima njia zote za kawaida za kumtambulisha mhusika, hivyo kila mmoja inabidi tumfahamu kwa mwenendo wake ukumbini. Charles ndiye mpambe wa bwana harusi katika harusi ya kwanza na amesahau pete, kiasi kwamba maharusi wanavishwa pete za kuazima, moja ikiwa na moyo mkubwa wa rangi nyingi na nyingine fuvu la kichwa. Katika harusi ya pili anajikuta amepangiwa meza moja na wanawake aliowahi kuwa nao, na kabla ya hapo Rowan Atkinson, katika nafasi ya kasisi mgeni wa kazi mwenye hofu, ameuvuruga Utatu Mtakatifu hadi waumini wanauma midomo ili wasicheke.

Sasa nasimamisha picha katika harusi ya nne, kwa sababu hapa ndipo penye kitu ninachokipenda kuliko vyote, na naomba tukitazame hatua kwa hatua. Charles amesimama madhabahuni na Henrietta, mwanamke asiyempenda vya kutosha. Kasisi anauliza iwapo yupo mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii. David, mdogo wake Charles, ni kiziwi, na mwigizaji David Bower mwenyewe ni kiziwi. Tangu mwanzo wa filamu, lugha ya alama imekuwa faragha ya ndugu hawa wawili: wanasengenya na kutaniana mbele za watu wasioambulia kitu, huku sisi tukisoma manukuu. Angalieni sasa jinsi faragha hiyo inavyogeuzwa. David anaomba kusema neno, na anayelazimika kulifikisha kwa waumini ni bwana harusi mwenyewe. Charles anasimama pale akitafsiri kwa sauti yake mashtaka yanayomhusu yeye: kwamba bwana harusi ana mashaka, na kwamba anampenda mtu mwingine. Hawezi kunyamaza, kwa kuwa kanisa zima linasubiri, na hawezi kudanganya, kwa kuwa ndugu yake anamtazama usoni. Kasisi anamgeukia na kumuuliza kama ni kweli, naye anakiri. Kinachofuata ni ngumi ya Henrietta, na binafsi naona alistahili kupiga mbili. Katika filamu za aina hii, harusi huvunjwa na mtu anayekuja mbio akipiga kelele mlangoni. Curtis ameivunja kwa mikono ya mtu asiyetoa sauti, na matayarisho yake yalikuwa mbele ya macho yetu tangu harusi ya kwanza.

Msiba nao umepangwa kwa werevu uleule. Gareth, rafiki mwenye vizibao vya rangi kali na kicheko kikubwa, anaanguka kwa maradhi ya moyo katika harusi ya tatu, ya Carrie na mwanamume mwingine, huko Uskoti, na mazishi yake yanatutoa kwenye bustani za matajiri na kutupeleka katika kanisa dogo la zamani lililozungukwa na viwanda, huko West Thurrock katika jimbo la Essex. Matthew, mwenzi wake, anasoma shairi la W. H. Auden, na John Hannah analisoma bila kutafuta machozi ya mtu. Hapo ndipo marafiki wanapotambua kwamba miongoni mwao, waliokuwa wakijihesabu kuwa hawana ndoa, wawili walikuwa kama wanandoa muda wote, ingawa sheria ya Uingereza ya wakati ule haikuwaruhusu kuoana.

Baada ya hapo turudi kwa Carrie, na hapa naanza kukasirika. Andie MacDowell amepewa mhusika anayetokea, anayetabasamu, anayeondoka na kuolewa na mwingine, na jambo tunalolijua vizuri juu yake ni orodha ya wanaume 33. Kristin Scott Thomas, kama Fiona, mmoja wa marafiki, anamwambia Charles kwamba amempenda siku zote, kwa maneno machache na sigara mkononi, na katika dakika hiyo moja anaonyesha upendo mwingi kuliko Carrie katika filamu nzima. Kisha mwishoni mvua inamiminika, na Carrie, akiwa amelowa chapachapa, anadai kwamba hakuitambua. Sentensi hiyo imechekwa kwa miaka mingi, na sina la kuitetea.

Mtaniuliza kuhusu Notting Hill ya mwaka 1999, ya mwandishi huyuhuyu. Pale Julia Roberts alipewa mtu kamili wa kuigiza, na kwa upande huo inaishinda hii, ingawa kundi la marafiki wa hapa lina uzito zaidi. Ile nitaichambua wiki ijayo, na baadaye itafuata Love Actually, nyingine ya Curtis, ambayo wengi wenu mnanisukuma niisifu.

Kwa upande wa bei, filamu ikiwa imo katika huduma mnayoilipia tayari, itazameni bila kusita, kwani haifiki hata saa mbili. Kununua diski mpya kwa bei ya juu ni kwa wale wanaowataka David na Matthew kabatini mwao, nami ni mmoja wao. Mwenye hoja ya kumtetea Carrie aiandike hapa chini. Nitaisoma yote, hata ikiwa ndefu.