Daftari la kurasa 240: mwaka mzima imani, sanaa, mtaa na siasa vimekaa humo humo

Limebaki kurasa tisa tu liishe, kwaiyo naona sasa nina haki ya kulisemea. Ni daftari la jalada gumu, saizi ya A5 yaani milimita 148 kwa 210, karatasi ya gramu 80 (uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba), ndani halina mistari, lina vinukta vya kijivu, na kila ukurasa una namba yake pale chini pembeni. Jina la aliyelitengeneza halipo popote, nimetafuta mpaka nyuma ya jalada.

Kabla ya hapo nilikuwa naandika kwenye programu ya simu. Ilikuwa nzuri kweli, inakukumbusha kila usiku, inakuwekea tarehe, ila ikaja apdeti moja ikanitoa kwenye akaunti, kurudi ndani nakuta maandishi ya miaka miwili hayapo. Humo mlikuwa na sala nilizoandika mama akiwa amelazwa, usiku kwa usiku, nimekaa pembeni ya kitanda chake. Nikaandika malalamiko, jibu likaja lile la kutumwa na mashine, nikaandika tena, kimya. Niliumia sana aise, na mpaka leo sijaipata hata sentensi moja.

Ndo nikarudi kwenye karatasi.

Mwanzoni nilijigawa. Nilitaka mambo ya imani yawe na daftari lake, michoro yangu yenyewe, mikutano ya mtaa yenyewe, siasa nazo huko. Haikufika hata wiki tatu nikaona haiwezekani, kwa sababu mtu hawazi hivyo. Nikayaacha mengine nikabaki na hili moja, na hapo ndipo lilipoanza kunifaa kweli.

Ukurasa wa 87 ndo ninaoufungua kuliko yote. Siku hiyo mgombea mmoja alikuja kwenye ibada akapewa maiki, akasema anachangia ujenzi, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Nilikuwa nimekaa nyuma nachora mikono ya bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu, vidole vimefungamana, kucha fupi, ngozi ya juu ya kiganja imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Yeye hakupiga makofi, mikono ilibaki vilevile mpaka yule bwana akamaliza. Usiku niliporudi nikaandika chini ya mchoro, kwa hasira, kwamba nimeona aibu, na kwamba sijui kama nimeona aibu kwa ajili ya ibada au kwa ajili yangu. Sasa hiyo niambie ungeiweka daftari gani? Ni imani, ni mchoro, ni siasa, na huyo bibi ni jirani yangu. Wiki mbili baadaye kwenye mkutano wa mtaa tunajadili taa za barabarani, watu wanauliza nani atatusemea, nikajikuta nataka kumtaja yule yule mgombea. Nikafungua 87, nikanyamaza, alafu nikapendekeza tuandike barua wenyewe tusaini wote. Tukaandika. Taa bado hazijawaka lakini barua ina saini za watu ambao walikuwa hawasalimiani.

Ndo maana nazisifia hizi namba za kurasa kuliko kitu kingine chochote kwenye daftari hili. Kurasa nne za mwisho nimezifanya faharasa, naandika neno na namba, kwa mfano "hofu: 12, 40, 87, 163", na ukizifuata hizo namba unaona hofu niliyokuwa naiita ya kisiasa ilianza muda mrefu, kwenye sala. Kwenye simu ungefuta, ungerekebisha, ungejifanya ulikuwa na busara tangu zamani, hapa nilichokosea kipo na wino wake. Ukurasa wa 31 nimemsema vibaya sana mwenyekiti wetu wa mtaa, na ukurasa wa 140 nimemuomba radhi, na vyote vimebaki.

Kuna mtu huwa namkumbuka nikiandika, Dag Hammarskjöld, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akafa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, mwaka 1961. Baada ya kifo yalikutwa maandishi yake nyumbani kwake New York, na mtu wa siasa za dunia nzima vile, humo kazi yake karibu haitaji, anazungumza na Mungu na nafsi yake. Mimi siwezi kutenganisha namna hiyo, namheshimu lakini siwezi. Nafarijika zaidi na Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Mona Lisa, zimebaki kurasa za madaftari yake zaidi ya 7,000, na humo maji, ndege, mashine na orodha za vitu vya kununua vimechanganyika tu.

Haya, turudi kwenye bidhaa. Mshono ni mzuri: karatasi zimekunjwa mafungu mafungu zikashonwa kwa uzi, kwaiyo ukilifungua linalala mezani lenyewe, mkono mmoja unashika penseli na mwingine umepumzika. Yale ya gundi tupu ukiyalazimisha yalale mgongo unapasuka na kurasa zinaanza kutoka moja moja. Hili limebebwa kwenye begi mwaka mzima, pembe zimechubuka kidogo ila hakuna ukurasa uliotoka. Utepe wa alama umechakaa ncha, niliufunga fundo ukatulia.

Udhaifu wake ni karatasi. Gramu 80 kwa bolpeni na penseli haina shida, lakini kalamu ya wino inapenya, ukigeuza unakuta madoadoa upande wa pili, na rangi za maji ndo usijaribu kabisa, ukurasa unavimba na ule wa jirani nao unavimba. Nimepoteza mchoro mmoja hivyo, wanakwaya wakiwa mazoezini, na nilikuwa nimeupenda sana. Vinukta navyo ni vyeusi kuliko nilivyotaka, kwenye picha ya uso vinaonekana kama madoa.

Kama unaandika tu, chukua hili hili bila wasiwasi. Kama unachora kwa wino tafuta la gramu 100 kwenda juu, lakini usikubali lisilo na namba za kurasa, au kaa chini siku ya kwanza uziandike mwenyewe zote, itakuchukua muda wa sala moja ndefu. Mi nimeshapata lingine la kushonwa, la gramu 100, na kwenye ukurasa wa kwanza nimeanza kumchora tena yule bibi, safari hii nimemuomba ruhusa na amekubali akae dirishani kwenye mwanga.